Msitu wa kura wa Trino: mali ya nani, na mgeni aende lini?

Swali: Mimi ni Mtanzania, nasoma shahada ya pili Torino, Italia. Nimekulia Babati, na baba alikuwa mjumbe wa kamati ya msitu wa kijiji. Mwalimu wetu alitutajia mji mdogo wa Trino. Alisema wenyeji wake wanamiliki msitu kwa pamoja tangu karne ya 13, na hadi leo hupiga kura ya bahati kujua nani akate kuni wapi. Msitu huohuo sasa ni hifadhi ya asili. Nataka kwenda Jumamosi moja. Je, mgeni anaruhusiwa? Kuna cha kuona, au ni miti tu? Na msitu unawezaje kuwa mali ya watu na papo hapo ukawa hifadhi ya serikali?

Jibu: Mgeni anaruhusiwa, wala hutadaiwa tiketi. Njia za msituni ziko wazi kwa mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli. Shida ni majira. Usiende Julai wala Agosti, kwa sababu Trino imezungukwa na majaruba ya mpunga, na mbu wa huko hawatakuonea haya ati kwa kuwa umetoka Afrika na umewazoea. Nenda mwishoni mwa Aprili hadi Mei, au subiri majani yapukutike uende kuanzia Novemba. Kwa swali ulilouliza, mimi ningechagua Novemba, na sababu nitaifikia.

Ukienda bila kujua kitu, ndiyo, utaona miti tu. Hakuna mlima wala maporomoko, na nchi yote ni bapa. Msitu wenyewe, unaoitwa Bosco delle Sorti della Partecipanza, uko kilomita chache kaskazini-magharibi ya mji na una hekta zipatazo 600. Msitu wa Duru-Haitemba wa kwenu Babati una kama hekta 9,000, kwa hiyo usitegemee kupotea. Lakini zamani bonde zima la mto Po, kutoka mkoa huu wa Piemonte hadi bahari ya Adriatiki, lilikuwa na misitu ya namna hii: mialoni mirefu, na chini yake carpino, mti mgumu wa mbao nyeupe unaovumilia kivuli. Leo bonde hilo ni mashamba, barabara na viwanda, na kipande cha Trino ni mojawapo ya masalia machache yenye ukubwa wa maana. Ukiwa ndani yake jiulize kwa nini hiki kilisalia wakati majirani zake wote walifyekwa.

Sehemu ya jibu ni udongo. Msitu umekalia kwa kiasi fulani kiinuko cha kale kilichosimama peke yake katikati ya tambarare, ambako wanaakiolojia wameokota zana za mawe za binadamu wa zamani sana. Udongo wake ni mfinyanzi mzito, na kwa kuwa uko juu kidogo kuliko mashamba, maji ya mifereji hayaufikii kwa urahisi. Lakini mahali pengi Ulaya penye udongo mbaya pamefyekwa vilevile. Kilichoulinda zaidi msitu huu ni utaratibu wa kugawana.

Mwaka 1275 Guglielmo wa Saba, mtawala wa Monferrato, aliwapa watu wa Trino haki juu ya msitu huu. Vijitabu vya watalii hupenda kuliita tendo hilo ukarimu. Mimi sioni ukarimu hapo. Trino ilikuwa mpakani, ikigombewa na Monferrato upande mmoja na mji wa Vercelli upande wa pili, na mtawala mwenye mji wa mpakani hununua utii wa wakazi kwa kile alicho nacho. Yeye alikuwa na miti. Mwisho wake haukuwa mzuri: mwaka 1290 alikamatwa na watu wa Alessandria, wakamtia katika kizimba, akafia kifungoni mwaka 1292. Mshairi wa Kiitaliano Dante alimkuta Toharani katika utenzi wake. Monferrato ikaenda kwa ukoo wa Paleologo, kisha kwa Gonzaga wa Mantova, na mwaka 1631 Mkataba wa Cherasco ukaikabidhi Trino kwa nyumba ya Savoia, ukoo uliotawala Piemonte. Kila aliyekuja aliwakuta watu wale wale na msitu wao.

Sasa tazama walivyofanya, kwa maana hapa wageni wengi huelewa nusu. Watu wa Trino hawakugawana ardhi. Wanachogawana ni mavuno ya mwaka mmoja, tena si ya msitu mzima. Msitu umepangwa kwa sehemu, na kila mwaka hukatwa ile tu iliyofikia zamu yake. Sehemu hiyo hupimwa na kugawanywa viwanja vidogo, ndivyo hizo sorti, kisha kura ya bahati huamua kiwanja gani ni cha mwanachama gani. Mwaka ujao zamu huhamia kwingine, na kura hupigwa upya.

Fikiria faida yake. Anayepima viwanja hajui kipi kitamwangukia nani, kwa hiyo hana sababu ya kuunyoosha mpaka mmoja na kuupinda mwingine; ni kama mgawa nyama anayepanga mafungu huku akijua kwamba lake litakuwa lile litakalobaki. Aliyepata kiwanja kibovu mwaka huu hana wa kumlaumu, na ana matumaini ya mwaka mwingine. Zaidi ya hayo, hakuna mtu mwenye kipande cha kudumu, kwa hiyo hakuna kipande cha kuuza, cha kuwekea rehani, cha kuzungushia ua wala cha kung'oa visiki ili kulima. Hata mrithi mwenye madeni hana cha kumkabidhi mdai wake isipokuwa kuni za mwaka huo. Nimesoma na kutembelea misitu mingi ya jumuiya iliyokufa, na mara nyingi kifo kilianza siku ile kila familia ilipopewa pande lake moja kwa moja. Ilionekana haki. Kizazi kimoja baadaye mapande yalikuwa yameuzwa.

Chombo kinachosimamia haya kinaitwa Partecipanza dei Boschi, na wanachama wake ni Partecipanti. Uanachama hurithiwa, nao unategemea orodha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na Trino wameishi kwa daftari. Ukipata nafasi ya kuonana na watu wa Partecipanza mjini, usiwaulize kuhusu ndege. Waulize wanavyomwandikisha mwanachama mpya, na mtu hufutwa vipi. Kwa mtoto wa mjumbe wa kamati ya msitu, naamini hapo pana mafunzo kuliko njia zote za kutembelea.

Novemba niliyokuambia inahusiana na ukataji. Miti hukatwa wakati wa baridi, utomvu ukiwa umelala, na masika visiki huchipua. Tabia hiyo unaijua kwa mikaratusi, na miti mingi ya miombo ya Babati nayo huchipua hivyo. Majani yakiwa yamedondoka unaweza kuusoma msitu. Tafuta shina lililogawanyika tangu chini kuwa vigogo vitatu, vinne au zaidi vya unene unaokaribiana: hapo palikuwa na mti uliokatwa, na vigogo hivyo ni machipukizi yaliyoanza mwaka mmoja. Kati yao utaona mialoni mikubwa iliyosimama peke yake, yenye shina moja lililonyooka. Hiyo imeachwa kwa makusudi, itoe mbegu na baadaye mbao. Kwa hiyo msitu una ghorofa mbili zenye mahesabu mawili tofauti, kuni kwa mzunguko mfupi na mbao kwa mzunguko mrefu.

Tembea polepole utagundua unatoka chumba kimoja kuingia kingine. Hapa pamekatwa karibuni, jua linafika chini na visiki bado vyeupe. Pale machipukizi yamekupita kimo na huwezi kupenya. Mbele zaidi ni giza na pametulia. Kila chumba ni mwaka wa zamu yake. Ukikuta alama za rangi kwenye miti, au kuni zilizopangwa kando ya njia, usiguse kitu. Zina mwenyewe, na mwenyewe anakujua wewe kuliko unavyomjua yeye, maana katika mji wa watu wapatao 7,000 mgeni huonekana tangu asubuhi.

Anayeenda Mei huona mengine. Maua ya msituni hujitokeza mapema, kabla majani ya juu hayajafunga mwanga, na koikoi wa kijivu na yangeyange hujenga matago yao juu ya miti kwa makundi. Mchana hushuka majarubani kula vyura na samaki wadogo. Wakati huo mashamba ya mpunga yamefurikwa na maji hadi upeo wa macho, na Waitaliano wenyewe huyaita bahari ya mirabaraba. Humo utamkuta mtu wa kwenu: kwarara mweupe mwenye kichwa na shingo nyeusi, yule wa Afrika. Si mhamaji. Ndege hao walitoka kwenye vifungo vya wafugaji, wakaanza kuzaliana porini Piemonte mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa ni wengi kiasi kwamba wahifadhi wa huko huwahesabu kuwa wavamizi. Utapenda kumwona. Usimsifu sana mbele ya mlinzi wa hifadhi.

Nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito. Mkoa wa Piemonte ulitangaza msitu huu kuwa hifadhi ya asili mwaka 1991, na leo umo pia katika Natura 2000, mtandao wa Ulaya wa maeneo yaliyolindwa. Tangazo hilo halikuhamisha umiliki. Partecipanza ilibaki mwenye mali, na mamlaka ya hifadhi, ambayo sasa ni taasisi moja inayosimamia maeneo yaliyolindwa kando ya Po katika Piemonte, ikapata kauli juu ya namna ya kutunza: nini kikatwe, kwa kiasi gani, kipi kipandwe, wageni wapite wapi. Ndiyo kusema mmoja ana hati, mwingine ana kanuni, na hakuna anayeweza kufanya jambo kubwa bila mwenzake. Huchosha, lakini hufanya kazi.

Sheria ya taifa nayo imegeuka. Mwaka 1927, zama za Mussolini, Italia ilipitisha sheria ya kumaliza haki za pamoja za zamani: ardhi igawiwe au iingie mikononi mwa wenye kuilima, na makamishna maalumu wakawekwa kusimamia kazi hiyo. Fikra ya wakati huo ilikuwa kwamba mali ya wengi ni mabaki ya ushamba. Miaka 90 baadaye, Novemba 2017, bunge likapitisha Sheria namba 168 inayosema karibu kinyume: jumuiya za namna hii ni utaratibu wa kisheria wa asili wenye kujitungia kanuni, na ardhi yao haiuzwi, haigawanywi, haipotei kwa mtu kuikalia muda mrefu, na matumizi yake ya kilimo, misitu na malisho hayabadilishwi. Tanzania ilifika sehemu ya njia hiyo mapema zaidi. Duru-Haitemba iliachiwa vijiji katika miaka ya 1990 baada ya wanakijiji kuukataa mpango wa serikali wa kuifanya hifadhi yake, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikaiweka misitu ya vijiji katika maandishi. Ukikutana na Mwitaliano anayekueleza jambo hili kana kwamba ni geni kwako, mweleze kuhusu Babati.

Si kwamba mambo ni shwari. Adui mkubwa ndani ya msitu ni robinia, mti wa miiba kutoka Amerika Kaskazini ulioletwa Ulaya katika karne ya 17. Unakua haraka na unatoa kuni nzuri. Mahali panapokatwa na jua kuingia, robinia huchipua kwa fujo na kuupita mwaloni mchanga, ambao hukua taratibu. Kwa maneno mengine, ule ukataji uliouhifadhi msitu kwa karne saba, ukiachwa uendelee vilevile, unaweza leo kumsaidia mvamizi. Mwanachama anayetaka kuni hana sababu ya kuichukia robinia. Mhifadhi anayo. Ndiyo maana katika misitu ya namna hii hupandwa mialoni, hupunguzwa machipukizi kwa kuchagua, na sehemu nyingine huachwa zikue bila kukatwa. Mimi niko upande wa wahifadhi kwenye hili, lakini nakiri ni rahisi kwangu kusema hivyo kwa kuwa sikoki moto kwa kuni za kura.

Jambo la pili ni nani yuko nje. Uanachama wa kurithi una maana kwamba aliyehamia Trino, awe Mwitaliano wa kusini, Mromania au Mmoroko, anaweza kuishi hapo maisha yake yote, akalipa kodi, akasomesha watoto, na asiwe na haki kwenye hata tawi moja. Si jumuiya zote za Italia ziko hivyo. Zipo ardhi za pamoja ambazo haki yake inatokana na ukaazi, kila mkazi anayo, na hizo zinafanana zaidi na kijiji cha Tanzania. Zile za kurithi, hasa za kaskazini, ni za kufungwa. Tena urithi wenyewe haukuwa sawa kwa wote: kule Cortina d'Ampezzo, katika jumuiya maarufu za milimani ziitwazo Regole, kwa karne nyingi haki ilipita kwa wana wa kiume, na binti aliingia pale tu asipokuwa na kaka. Wenye kutetea mfumo husema bila mlango mwembamba msitu ungekwisha. Huenda ni kweli kwa zama za njaa ya kuni. Leo, mji ukiwa na gesi na vijana wakihamia Torino na Milano, jumuiya nyingi zina tatizo la kinyume: majina kwenye daftari ni mengi, mikono ya kazi ni michache. Muulize baba kama kamati yake iliwahi kubishana kuhusu wageni na misitu. Ningeshangaa akisema hapana.

Safari yenyewe ni fupi. Trino iko kama kilomita 60 mashariki ya Torino. Panda treni hadi Chivasso, kisha ufuate reli ya kwenda Casale Monferrato, ambayo ina kituo Trino. Angalia ratiba ya siku yenyewe, kwa sababu kwenye njia ndogo kama hiyo basi huweza kuchukua nafasi ya treni, na mwisho wa wiki huduma hupungua. Chukua baiskeli. Treni nyingi za mkoa huzipokea kwa malipo kidogo, na bila baiskeli utamaliza nguvu barabarani kabla hujauona mti. Vaa viatu vya kukanyagia matope na suruali ndefu, kwa ajili ya kupe. Wakati wa baridi ukungu wa bonde la Po hushuka mzito na giza huingia kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, kwa hiyo weka taa kwenye baiskeli na usingoje dakika ya mwisho ndipo urudi.

Ukiwa na nusu siku ya ziada, zunguka kwa Lucedio. Ni abasia ya Wasistersi, watawa wa Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1123, yenye mnara wa kengele wa pembe nane; watawa wake ndio wanaotajwa kuwa waliingiza mpunga katika eneo hili karne ya 15. Leo ni shamba binafsi la mpunga, kwa hiyo ulizia kwanza siku za kutembelewa. Leri, kitongoji ambako Camillo Cavour, mmoja wa walioiunganisha Italia, alikuwa mkulima kabla na wakati wa kuwa mwanasiasa, ni magofu matupu, na kuingia majengoni si salama. Mfereji mkubwa wa maji ya umwagiliaji unaobeba jina lake, uliochimbwa kati ya 1863 na 1866, ndio ulioupa mpunga wa upande huu maji ya uhakika. Ukiupita utaelewa kwa nini ardhi ilipanda thamani na kwa nini msitu ulikuwa na maadui wengi.

Chakula cha huko ni panissa, wali uliopikwa na maharage. Kama huli nguruwe, fahamu kwamba hupikwa kwa soseji na mafuta yake hata pale menyu isiposema. Uliza kabla.

Mwisho, andika mapema kwa Partecipanza na kwa mamlaka ya hifadhi, kila mmoja barua yake. Andika kwa Kiitaliano, hata kama ni cha kubabaisha, na mweleze mpokeaji kwamba unatoka katika familia ya watunza msitu wa kijiji. Taja kwamba unapenda kuona siku ya kura au kiwanja kinachokatwa. Mtalii wa kawaida huomba ramani ya njia, na ramani iko kwenye ubao msituni. Ombi kama lako litamfikia mtu anayelishika lile daftari.